Karatasi ya mkono au mkono wa fundi? Kuzielewa nyumba za karatasi kwenye kuta za ofisi

Ugomvi ulizuka kwa neno moja: mkono. Ofisi moja katikati ya Tanga, mitaa michache kutoka bandarini, ilikuwa imeagiza picha ya karatasi kwa ajili ya ukuta wa mapokezi. Nyumba za zamani za mjini, roshani zake, matao yake, vyote kwa karatasi nyeupe. Kazi ilipoletwa, dada aliyeiagiza aliipapasa ukingoni kabla haijafungwa kioo, akakunja uso.

"Fundi, mimi nilisema karatasi ya mkono. Hii si manila ya dukani?"

"Dada yangu, manila ni ya dukani, sikatai. Lakini tazama hiki kidole." Akamwonyesha kidole cha shahada kilichoota sugu kwa kushika wembe. "Wiki tatu. Huu si mkono?"

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema ile ni plasta, si karatasi. Kijana mwenye bahasha akamjibu, "Babu, hiyo imetoka kwenye mashine. Siku hizi kila kitu mashine." Mama mmoja akauliza swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mvua za masika zikianza, itabaki?

Nilikuwa pale kwa shughuli zangu, nikisubiri barua igongwe muhuri. Nimejalidi vitabu kwa miaka mingi na karatasi ndiyo imenilisha, kwa hiyo nilishindwa kunyamaza. Haya ndiyo niliyoyaeleza siku ile, pamoja na mengine ambayo foleni haikunipa nafasi ya kuyamaliza.

Tuanze kwa kuyatenganisha majina, maana vitu viwili vimeingizwa ndani ya jina moja. Karatasi ya mkono ni karatasi ambayo yenyewe imetengenezwa kwa mkono, moja baada ya moja, kutokana na rojo la nyuzi za mmea. Kazi ya mkono ya karatasi ni sanaa ambayo karatasi yake huenda ilitoka kiwandani, ila kuikata, kuikunja na kuipachika kumefanywa na mtu. Ni kama nguo. Kuna kitambaa kilichofumwa kwa mkono na kuna gauni lililoshonwa kwa mkono. Fundi cherehani hafumi kitambaa, na hakuna anayemwambia kwamba gauni si kazi yake. Dada aliagiza kitambaa, fundi akaleta gauni, na kila mmoja alikuwa mkweli.

Machicha kwenye kifumbu

Karatasi ni nini hasa? Aliyewahi kuchuja tui analijua nusu ya jibu. Ukimimina tui lenye machicha kwenye kifumbu, maji yanapita, machicha yanabaki yameshikana. Karatasi huzaliwa hivyo hivyo. Nyuzi za mmea huchemshwa, hutwangwa mpaka zikalainika na kuachana, hutiwa kwenye maji mengi yakawa kama uji mwepesi sana, kisha chujio bapa huzamishwa na kuinuliwa. Maji yanapita. Kinachobaki juu ya chujio ni utando wa nyuzi zilizolaliana. Utando huo ukikandamizwa na kukaushwa, nyuzi hushikana zenyewe bila gundi. Neno karatasi tumelipata kwa Waarabu, wanaosema qirtas, nao asili yake waliipata kwa Wagiriki. Ufundi wenyewe ulitoka China, ambako kumbukumbu za kale humtaja Cai Lun na mwaka 105, na ukawafikia Waislamu wa Asia ya Kati katika karne ya 8.

Kiwanda hufanya kazi ileile, ila kwa mwendo wa kasi na bila kusimama. Rojo humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na kwa sababu wavu unakimbia, nyuzi nyingi hulala zikielekea upande mmoja, kama mabua yanayoelea mtoni yanavyofuata mkondo. Huo mlalo wa nyuzi unaamua mambo mengi. Chukua gazeti ulichane kwa upande mmoja, kisha ulichane tena kwa upande unaoukata ule wa kwanza. Mchano mmoja utateremka karibu umenyooka, mwingine utakwenda kombo. Ule ulionyooka umefuata nyuzi. Fundi anayekunja kuta za nyumba kwa karatasi lazima ajue mlalo huo, kwa sababu mkunjo unaofuata nyuzi hukaa sawasawa, na mkunjo unaozikata huvunjika mgongo na kutoa nyufa ndogo. Karatasi ya mkono haina mlalo mkali namna hiyo, kwani anayeinua chujio hulitikisa pande zote.

Jambo la pili ni uzito, na hapa watu hutishwa na namba bure. Chukua rimu ya A4, ile ya fotokopi, uiweke kwenye mizani ya muuza mchele. Itasoma kilo mbili na nusu au karibu na hapo. Ndani mna karatasi 500, kwa hiyo kila moja ni gramu 5. Karatasi 16 za A4 zikipangwa bila kuachiana nafasi zinafunika mita moja ya mraba, na 16 mara 5 ni 80. Ndiyo ile 80 iliyoandikwa kwenye kasha: gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Karatasi hiyo ni nyembamba mno kusimama kama ukuta. Kazi za majengo hutumia karatasi nzito zaidi, mara nyingi za gramu 160 hadi 300, zile ambazo madukani huitwa manila au kadi. Ukimuuliza fundi gramu ngapi na akakujibu bila kusita, umempata mtu anayeijua bidhaa yake.

Mkonge, na kwa nini hauwezi kila kitu

Dada yule hakutamka neno mkonge, lakini ndilo lililokuwa moyoni mwake. Alitaka mgeni akiingia ofisini aone Tanga mpaka kwenye karatasi yenyewe. Ni wazo zuri, na lina mizizi. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyoujenga mkoa huu: maghala, bandari, na nyingi ya nyumba ambazo leo mafundi wanazikata kwa wembe.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake inayotoka ikiwa singa, yaani nyuzi zake. Singa ndefu huenda kwenye kamba, magunia na mazulia. Zile fupi na zilizokatika ndizo rafiki wa mtengeneza karatasi. Hukatwa vipande vya sentimita moja au mbili na kuchemshwa kwa saa kadhaa katika maji yenye magadi. Wengine hutumia kostiki soda ya watengeneza sabuni, na hapo glavu na miwani si hiari. Kisha husuuzwa mpaka maji yatoke safi, halafu hutwangwa, na hapo ndipo penye jasho. Singa unayoiona kwa macho ni fungu la nyuzi ndogo zaidi, kila moja ikiwa na urefu wa wastani wa milimita 3 hivi. Za mkalitusi, mti unaotumiwa na viwanda vya karatasi, ni karibu milimita 1. Kutwanga kunalifumua fungu lile ili nyuzi ziweze kushikana upya. Chujio si lazima liwe la kifahari. Fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha inatosha kuanzia.

Karatasi inayopatikana ina rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, nyuzi zake zinaonekana, ukingo wake una ndevu, na ukiivuta utashangaa nguvu yake. Kwa nguvu hiyohiyo inakataa baadhi ya kazi. Jaribu kukata ndani yake luva ya dirisha, kile kibao chembamba cha kupitisha hewa, yenye upana wa milimita 2. Nyuzi ndefu hukwama kwenye ncha ya wembe, zikavutika, mkato ukatoka na manyoya. Manila ya kiwandani ina nyuzi fupi na uso uliobanwa kwa roli, hivyo hukatika safi kama siagi ya asubuhi. Kwa ile picha iliyojaa luva na nakshi, fundi alichagua sawasawa. Ningemshauri tu kwamba karatasi ya mkonge ilikuwa na nafasi yake palepale: mandhari ya nyuma, ukuta wa mawe ya matumbawe, paa la makuti. Mahali panapotaka ukali, manila. Mahali panapotaka uzito na joto la mkono, mkonge. Picha moja inaweza kuwa na vyote viwili.

Njia za kuisimamisha nyumba

Watu wakisikia sanaa ya karatasi hukumbuka chekechea: unakunja karatasi mara nne, unakata kwa mkasi, unafungua, ua. Hilo ua lina heshima yake, na ndiyo hatua ya kwanza ya kweli. Kutoka hapo njia zinagawanyika. Kuna kukata, ambako nyumba huchorwa kwa matundu na kilichoondolewa ndicho kinachoonekana. Kuna kupanga tabaka, karatasi moja nyuma ya nyingine zikiachiana nafasi, mbele nguzo, nyuma yake mlango, nyuma zaidi ua. Kuna kusokota vipande vyembamba na kuvisimamisha kwa ukingo, njia ambayo hufaa nakshi za milango kuliko kuta. Na kuna kuumba kwa rojo lenyewe, likikandamizwa kwenye kalibu kama matofali. Ile ndiyo huonekana kama plasta, na yule mzee pale mlangoni hakuwa mbali sana na ukweli.

Njia inayonivuta mimi ni ya karatasi moja isiyo na gundi. Mjapani Masahiro Chatani, aliyekuwa profesa wa usanifu majengo, aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unakata hapa, unakunja pale, na karatasi ikifunguliwa kwa pembe ya digrii 90, jengo linasimama kutoka katikati yake. Ingrid Siliakus wa Uholanzi aliziona kazi za Chatani, naye akajenga miji mizima kwa njia hiyo. Ugumu wake ni kwamba huwezi kuongeza kitu. Kila nguzo uliyoisimamisha imetoka kwenye karatasi ileile, kwa hiyo nyuma yake pana tundu, na tundu hilo lazima nalo liwe na maana, liwe mlango au kichochoro.

Tanga inafaa sana kwa kazi hizi, na sababu si uzee wa majengo yake. Sababu ni jua. Katika mji wa pwani wenye joto na unyevu, aliyejenga alijenga kivuli kwanza. Zitazame nyumba za ghorofa moja za wafanyabiashara wa asili ya Kihindi: duka chini, makazi juu, roshani ya mbao imetokeza ili mpita njia asichomwe. Litazame Boma la kale, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Itazame baraza yoyote ya Ngamiani, sehemu ya makazi ya hapa mjini, saa saba mchana. Ukuta ni mweupe kwa jua, na chini ya paa pana mstari mnene wa giza ambamo watu wamekaa. Ukifumba macho ukakumbuka nyumba hiyo, unachokumbuka ni ule mstari wa giza.

Karatasi nyeupe iliyopangwa tabaka hufanya jambo hilohilo. Haina wino. Giza lote unaloliona kwenye picha ni kivuli cha kweli, kinachodondoshwa na karatasi ya mbele juu ya karatasi ya nyuma. Ndiyo maana mtu anayeipiga picha kwa simu kwa mwanga wa usoni huona karatasi tupu na kudhani ameuziwa hewa. Anayeagiza kazi hii anunue na mwanga wake. Tuseme tabaka mbili zimeachana milimita 4. Mwanga ukija kwa mshazari wa digrii 45, kivuli kinakuwa milimita 4. Ukija kwa ubavu kabisa, digrii 15 kutoka ukutani, kivuli kinarefuka hadi karibu milimita 15, kama kivuli cha mnazi jioni. Taa za tyubu zilizopangwa dari nzima humwaga mwanga kutoka kila upande, na vivuli hufutana. Ukuta unaofaa ni ule unaokutana na dirisha kwenye kona, ili mwanga wa mchana uteleze juu yake, au ukuta wenye taa moja ndogo iliyofungwa karibu nao, ikimulika kutoka juu kwenda chini.

Wapo wanaoikata ramani badala ya majengo. Ngamiani imefanana na kitu kilichopangwa kwa ajili hiyo: mitaa imenyooka, inakatana, na mingi huitwa kwa namba, barabara ya nane, barabara ya kumi na mbili. Fundi huacha mitaa na kuondoa viwanja, na kinachobaki ni wavu kama wa mvuvi. Ukipanda kaskazini kuelekea baharini, wavu huo unabadilika, mitaa inajipinda na viwanja vinakuwa vikubwa. Reli, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ni ukanda mmoja usiokatwa. Mkazi wa Tanga akiitazama ramani hiyo, kidole chake huenda chenyewe mpaka kwao.

Itadumu?

Turudi kwa swali la yule mama. Dhana kwamba karatasi ni kitu cha leo na kesho tumeipata kwenye gazeti, na gazeti ni shahidi mbaya. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka njano, na asidi iliyomo kwenye karatasi duni huzila nyuzi polepole mpaka zikakatika. Karatasi za mbao zilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo karatasi zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na ndiyo maana ipo miswada ya Kiswahili ya karne ya 18, iliyoandikwa hapahapa pwani kwa herufi za Kiarabu, ambayo bado inasomeka. Ilipita katika unyevu huuhuu wetu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni karatasi imetokana na nini, na kama haina asidi. Mkonge una lignini kidogo kuliko miti mingi, na iliyokuwemo hupungua ukichemshwa na kusuuzwa vizuri. Uliosuuzwa vibaya hubaki na magadi, na hauna ubora wowote kwa sababu tu umeitwa wa asili.

Kinachoziua kazi hizi maofisini kwa haraka ni kiyoyozi. Nimeona picha nzuri iliyojikunja kama papa mkavu ndani ya miezi michache, na mwenye ofisi akamlaumu fundi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikinywa inatanuka, hasa kwa upana wa nyuzi, ikitoa inasinyaa. Mchana kiyoyozi kinaikausha hewa, jioni kinazimwa, usiku unyevu wa bahari unarudi, asubuhi kinawashwa tena. Karatasi inavutwa na kuachiwa kila siku ya kazi. Kama imegandishwa gundi pande zote nne, haina pa kukimbilia, basi inafura katikati. Dawa yake ni rahisi: ishikwe upande wa juu tu, ining'inie kama kanga kwenye kamba, itanuke na kusinyaa kwa raha yake. Na isitundikwe mbele ya mdomo wa kiyoyozi.

Kioo nacho kina kanuni yake. Kisiiguse karatasi. Unyevu ukitonea nyuma ya kioo, karatasi inayokigusa hulowa na kugandana nacho, na ukungu hupata nyumba. Fremu iwe na kina, na kuwe na vipande vyembamba vya kuachanisha. Nyuma ya fremu pabandikwe vifundo vidogo vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta, hasa kwenye majengo ya zamani ya mawe na chokaa, ambayo kuta zake za nje huhifadhi unyevu mwaka mzima. Mende hufuata gundi ya wanga, yaani uji wa ngano. Gundi nyeupe ya mbao haiwavutii kiasi hicho. Mchwa huja kwa njia ya ukuta, kwa hiyo kagua ukuta kabla ya kugonga msumari. Selotepu usiiruhusu kabisa. Inaacha doa la kahawia ambalo halitoki.

Na mashine? Yule kijana mwenye bahasha hakukosea kuuliza. Ipo mashine ya leza inayokata karatasi kwa kuichoma, na ipo plota yenye kisu kidogo, ile ya watengeneza vibandiko vya magari. Zote hutoa kazi nadhifu, na ofisi inayotaka nakala 40 za zawadi kwa wateja wake itafanya busara kuzitumia. Kosa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine. Tazama ukingo wa mkato kwa karibu: leza huacha wekundu hafifu wa moshi, hasa upande wa nyuma. Tazama pembe za ndani za madirisha: wembe wa mtu hupitiliza kidogo, unywele mmoja, ili kipande kitoke bila kuvutwa. Kisha linganisha dirisha na dirisha. Mkono haurudii kitu sawasawa mara mbili, na kwa kuwa nyumba zenyewe zilijengwa kwa mkono, madirisha yake halisi nayo hayalingani.

Bei huwashangaza watu, basi tuhesabu pamoja. Nyumba moja ya ghorofa, madirisha 10. Kila dirisha lina mbawa 2, kila ubawa una luva 12. Hizo ni luva 240. Kila nafasi ya luva inataka mikato 4, na hapo tumefika mikato 960 kabla ya kugusa roshani, matao, wala nakshi ya ukingo wa paa. Mkato mmoja ukiteleza kwenye luva ya 230, karatasi nzima inatupwa. Unalipia hilo pia, ile hatari ambayo fundi ameibeba mpaka mkato wa mwisho. Usimpunguze mpaka akalazimika kwenda kwenye karatasi ya bei rahisi, kwani gharama ya karatasi ni sehemu ndogo ya kazi na ndiyo inayoamua umri wake.

Jambo moja la kisheria, kwa ufupi. Ukiinunua picha umeinunua picha. Haki ya kuizalisha upya, kwenye kalenda, kadi au tangazo la kampuni, ni jambo jingine, nalo linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, basi liandikeni. Mkubaliane siku ya kuagiza, mkiwa bado mnacheka.

Siku ile pale ofisini, dada na fundi walipatana. Fundi atamtafutia karatasi ya mkonge na kuiweka nyuma ya nyumba zile, iwe mbingu na iwe ardhi, na dada ataongeza kidogo. Wakati huo huo picha ilihitaji mahali. Msumari ulikuwa umeshagongwa chini ya kiyoyozi, katikati ya taa nne. Nikawaomba waibebe mpaka ukuta wa korido, pale unapokutana na dirisha la magharibi. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Mwanga ulipita kwa ubavu, na chini ya kila roshani pakaingia giza.

Yule mzee aliyesema plasta aliinuka, akaisogelea taratibu, akanyoosha fimbo yake bila kuigusa karatasi.

"Hapa chini," akasema, "ndipo tulipokuwa tukiziba pancha za baiskeli."